Shuu mpya, pedeli laini: kisa cha breki ya nyuma inayokokota lakini haishiki

Pikipiki ni ya ukoo wa CG 125, ile mashine ya pushirodi (vali zake husukumwa na fimbo) ambayo Honda waliitoa mwaka 1976 na ambayo viwanda vingi vya China vimeinakili kwa majina tofauti. Kazi yake ni bodaboda. Breki ya nyuma ni ya ngoma, inavutwa na fimbo ya chuma kutoka kwenye pedeli ya mguu wa kulia. Malalamiko ni haya: pedeli ni laini, inashuka hadi karibu na kikanyagio, na tairi halifungi hata kwenye changarawe. Shuu, yale matao mawili yanayoibana ngoma kwa ndani, ni mpya, zimewekwa siku chache tu. Nati ya kurekebishia imekazwa mpaka nyuzi zinakaribia kwisha. Halafu, ukisimamisha chombo kwa stendi kubwa na kulizungusha tairi la nyuma kwa mkono, linakwaruza na kusimama kabla ya kumaliza mzunguko mmoja.

Dalili hiyo ya mwisho ndiyo ya kushikilia. Breki iliyolegea tu huliacha tairi lizunguke huru. Breki iliyobanwa tu hushika kwa ukali. Hii inakokota, na bado haishiki. Maana yake shuu zinaigusa ngoma, lakini zinaigusa vibaya, na nguvu ya mguu inapotelea njiani kabla ya kufika kwao. Kuongeza mzunguko wa nati hakutibu hata kimoja kati ya hivyo viwili. Kununua shuu nyingine pia hakutatibu, ingawa ndicho kinachofanyika mara nyingi.

Kwa wenye diski nyuma, ulaini wa pedeli kwa kawaida ni hewa kwenye mafuta ya breki, na dawa yake ni kuitoa hewa hiyo. Kwenye ngoma inayovutwa na fimbo kama hii hakuna mafuta wala hewa. Ulaini wote ni wa chuma kinachopinda, kinachocheza kwenye tundu lake, au kinachogusa sehemu ndogo kuliko inavyotakiwa.

Nguvu inapita wapi

Mguu unakandamiza pedeli, pedeli inavuta fimbo, fimbo inavuta mkono wa breki, mkono unazungusha kamu, kamu inazitanua shuu mbili mpaka ziibane ngoma kwa ndani. Shuu, kamu na pini ya egemeo vimekaa kwenye bamba la breki. Bamba lenyewe lingependa kuzunguka pamoja na tairi kila unapofunga breki. Linalolizuia ni stei, ule upau unaolifunga kwenye uma wa nyuma.

Shuu mbili hazifanyi kazi sawa. Moja inavutwa na mzunguko wa ngoma na kujikaba yenyewe zaidi, nyingine inasukumwa irudi nyuma. Ile ya kwanza ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha. Ikiwa inagusa ngoma kwa kipande kidogo tu, breki nzima imepungua hata kama mwenzake amekaa vizuri.

Ukaguzi kabla ya kufungua chochote

Mtu mmoja akandamize pedeli kwa mkono, taratibu, mwingine achuchumae upande wa kulia na kutazama. Swali ni moja: kati ya pedeli na kamu, ni kitu gani kinachosogea bila kufanya kazi? Anza na egemeo la pedeli. Likiwa limekauka au limelika, pedeli huyumba kwa pembeni kabla ya kuvuta. Kisha fimbo: iliyopinda hunyooka kwanza ndipo ivute, na huko kunyooka mguu huusikia kama ulaini. Kisha pini inayopita kwenye ncha ya mkono, ambayo tundu lake huchimbika likawa la yai. Mwisho, bamba.

Kwenye kisa hiki bamba lilikuwa linazunguka karibu milimita 3 kabla ya kutulia. Bolti ya stei upande wa bamba ilikuwa imelegea, na kotapini yake, ile pini ya kukunjwa inayozuia nati isijifungue, haipo. Yule aliyebadilisha shuu aliifungua ili atoe tairi, akairudisha bila pini. Hili ni zaidi ya suala la pedeli laini. Stei ikichomoka, bamba linazunguka na tairi, linaikunja fimbo na kulifunga gurudumu la nyuma ghafla barabarani. Kotapini ni spea ya bei ndogo kabisa kwenye pikipiki nzima, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote.

Halafu pembe. Pedeli ikiwa imekandamizwa mpaka mwisho, tazama pembe kati ya fimbo na mkono wa breki. Huhitaji kipimapembe, kona ya karatasi yoyote ni digrii 90. Breki inaposhika, pembe hiyo inatakiwa iwe kati ya 80 na 90, isizidi hapo. Hapa ilikuwa karibu 120.

Sababu ya kuisumbukia ni hesabu tu. Nguvu ya fimbo inayozungusha kamu inafuata saini (sine ya hesabu) ya pembe hiyo. Kwenye digrii 90 yote inafanya kazi. Kwenye 120 imebaki asilimia 87, kwenye 130 ni 77. Kupoteza asilimia 13 peke yake mtu anaweza kufidia kwa kukanyaga zaidi, lakini baya lipo kwenye mwelekeo: ukishavuka 90, kila milimita ya ziada ya pedeli inapunguza wenzo badala ya kuuongeza. Unakanyaga zaidi, unapata nyongeza ndogo zaidi. Mguu unausoma mwenendo huo kama usponji, na nati ya kurekebishia inauzidisha, kwa sababu kila ukiikaza unausogeza mkono mbele zaidi ya pale ulipopaswa kuishia.

Mkono ulifikaje huko shuu zikiwa mpya? Mkono umekaa kwenye meno ya kamu na kubanwa na bolti ndogo ya spana ya 10. Kwenye uso wa kamu kuna nukta iliyogongwa, na kwenye mkono kuna nukta nyingine. Zikitazamana, mkono uko sahihi. Hapa zilikuwa hazitazamani. Mkono ulitolewa na kurudishwa kwa kukisia, ukaingia meno kadhaa mbele.

Kuna pia mshale wa kuonyesha uchakavu, ule ubapa mdogo uliopo kati ya mkono na bamba. Wenyewe una jino pana linaloingia kwenye mfereji mpana wa kamu, kwa hiyo hauwezi kukaa vibaya, na ukihamisha mkono, mshale haubadiliki. Ukikandamiza pedeli na mshale ukafika kwenye alama ya bamba, shuu zimekwisha, hata mkono uonekane umekaa vizuri namna gani. Kwenye kisa hiki mshale ulikuwa mbali na alama, jambo lililothibitisha kwamba unene wa shuu si tatizo. Huo ni ukaguzi wa sekunde mbili, na ungeokoa pesa ya shuu iwapo zile za zamani nazo zilikuwa bado.

Ndani ya ngoma

Kufungua si kazi kubwa. Toa nati ya kurekebishia, springi na pini ya fimbo, fungua stei, legeza vikaza cheni, toa nati ya ekseli (spana ya 19 au 22 kwa nyingi za aina hii), chomoa ekseli, sukuma tairi mbele, vua cheni. Bamba linatoka na shuu zake. Usipulize vumbi kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Shuu za bei rahisi hazisemi zimetengenezwa na nini, na asbesto haijatoweka sokoni. Futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni.

Shuu zilikuwa na wino wake wa kiwandani karibu zima. Palipong'aa ni mahali pawili tu: kiraka cha upana wa kidole gumba katikati ya kila shuu, na mstari mwembamba kwenye ukingo wa nje.

Kiraka cha katikati kinaelezwa na kipimo cha ngoma. Ngoma ya CG 125 ikiwa mpya ni milimita 110.0, na kikomo ni 111, ambacho mara nyingi kimechapwa kwenye habu yenyewe, yaani kitovu cha gurudumu. Hii ilipimwa kwa vernia, ile rula yenye taya, ikatoa 110.6. Bado iko ndani ya kikomo. Lakini shuu mpya imechongwa kwa nusu kipenyo cha 55.0, na sasa inaingia kwenye tundu la 55.3. Ina tao dogo kuliko nyumba yake, kwa hiyo inagusa tumboni na ncha zake zinabaki hewani kwa kama sehemu ya kumi ya milimita. Kidogo, ndiyo, lakini lazima shuu ipinde kiasi hicho ndipo ncha zianze kusaidia, na kupinda huko kunalipwa kwa mwendo wa pedeli uliokwisha kuzidishwa na wenzo wote wa njiani.

Mstari wa ukingoni ndio uliokuwa unakwaruza. Shuu za zamani zilichimba njia yao na kuacha kidaraja kwenye mdomo wa ngoma. Shuu mpya zilikuwa pana kuliko njia hiyo kwa kiasi kisichozidi milimita moja, zikapanda juu ya kidaraja. Tairi likakokota kwa ukingo huo mwembamba huku uso wote uliobaki haujafika kwenye chuma. Kitendawili cha "inakokota lakini haishiki" kiliishia hapo. Unapopima ngoma kwa vernia, hakikisha meno yake yamepita kidaraja. Ukipima mdomoni utapata 110.0 na kuamini ngoma ni mpya.

Kamu ilikuwa kavu na yenye kutu, inazunguka kwa kusita. Mchezo wa kamu kwenye tundu la bamba ulikuwa mdogo, wa kuvumilika. Ungekuwa mkubwa, kiasi cha kuitikisa kamu kwa vidole na kuiona ikiyumba, bamba lingehitaji bushi mpya au libadilishwe. Beringi ya upande wa ngoma ilikuwa kavu kwa nje, hakuna grisi iliyovuja. Hilo ni jambo la kushukuru, maana shuu iliyonyonya grisi hairudi. Zipo gereji zinazoiosha kwa petroli na kuiwasha moto mpaka mafuta yaungue. Petroli inasafisha juu tu. Joto la kwanza la mteremko linayatoa mafuta yaliyobaki ndani, na breki inakufa wakati ambapo inahitajika. Shuu yenye grisi inatupwa.

Marekebisho

Kidaraja cha ngoma kilishughulikiwa kwanza. Njia safi ni kupeleka gurudumu kwa mwenye leti (mashine ya kuchonga chuma) achonge, kwa sharti kwamba ngoma isizidi 111 baada ya kazi. Pale leti haipo, shuu ndizo zinazochongwa: ukingo wa nje unapunguzwa kwa msasa mpaka shuu iingie ndani ya njia bila kupanda. Hapa ilifanyika hivyo, kwa sababu ngoma iliyobakiwa na milimita 0.4 haina unene wa kuchezea.

Kisha chaki. Paka chaki ndani ya ngoma yote, rudisha bamba na ekseli, kandamiza pedeli huku ukilizungusha tairi kidogo, fungua, tazama shuu. Palipo na chaki ndipo palipogusa. Piga hapo tu kwa msasa namba 80 uliofungwa kwenye kipande cha ubao, mara chache, halafu rudia. Kazi hii inachosha na hakuna njia ya mkato, ila baada ya mizunguko minne au mitano hivi kiraka cha kidole gumba kinaenea. Ukipata chaki kwenye asilimia 70 ya uso, acha, barabara itamalizia. Ncha ya kila shuu inayokutana kwanza na mzunguko wa ngoma ichongwe mteremko wa milimita 3 hadi 4, vinginevyo breki itang'ata na kupiga kelele. Uso wa ngoma nao ukwaruzwe kwa msasa namba 120 kwa mistari ya kukatizana, ili ule mng'ao wa kioo uondoke.

Kamu ilitolewa, ikasafishwa kutu, ikapakwa grisi ya kuhimili joto kwenye shina lake na, kwa kidole kidogo tu, kwenye nyuso zinazogusa shuu. Vivyo hivyo pini ya egemeo. Grisi ya kawaida ya cheni au ya beringi za bei rahisi huyeyuka kwa joto la breki na kuishia kwenye shuu. Springi za shuu zikaguliwe: zikiachia nafasi kati ya mizunguko yake wakati zimelegea, zimevutika, na shuu hazitarudi vizuri.

Mkono ulirudishwa nukta kwa nukta na bolti yake kukazwa kiasi. Ni bolti ya M6, Nm (nyutoni mita) 10 zinatosha, na anayeikaza kwa spana ndefu anaua nyuzi za mkono.

Wakati wa kurudisha tairi kuna hatua moja inayorukwa karibu kila mahali. Bamba lina nafasi ndogo kwenye ekseli, na shuu zinaweza kukaa pembeni ya kitovu cha ngoma. Kwa hiyo, kabla ya kukaza nati ya ekseli, pangilia cheni, kisha mtu akandamize pedeli kwa nguvu na kuishikilia. Shuu zinajibana kwenye ngoma na kulivuta bamba hadi katikati. Pedeli ikiwa bado imeshikiliwa, kaza ekseli, kisha bolti ya stei, weka kotapini mpya na uikunje. Ndipo uachie pedeli. Hatua hii peke yake mara nyingi huondoa ulaini ambao watu wameuhangaikia kwa wiki nzima.

Nafasi tupu ya pedeli, yaani mwendo wake kabla shuu hazijagusa, irekebishwe iwe milimita 20 hadi 30 kwenye ncha. Nati ya kurekebishia ina mkato wa nusu duara unaokaa juu ya pini ya mkono. Izungushe nusu mzunguko kila mara na uhakikishe mkato umekaa, maana ikibaki imesimama kwenye kingo itajishusha yenyewe njiani na breki kulegea. Tairi sasa lizunguke huru. Kisha wakae watu wawili juu ya tandiko na upime tena. Uma wa nyuma ukipanda, umbali kati ya pedeli na mkono unabadilika, na breki iliyo sawa bila mzigo inaweza kukokota ikiwa na abiria. Bodaboda hupimwa ikiwa imebeba.

Kwa sababu hiyohiyo, kila unapokaza cheni, breki inabadilika: ukirudisha tairi nyuma unaivuta fimbo, na ile nafasi ya milimita 25 inaweza kuwa 10. Legeza nati kabla ya kukaza cheni, rekebisha upya baadaye.

Kwenye kisa hiki pembe mwishoni mwa pedeli ilishuka kutoka 120 hadi kama 85, na nati ya kurekebishia ikabaki katikati ya nyuzi. Hakuna spea iliyonunuliwa isipokuwa kotapini.

Siku za kwanza

Shuu bado hazijakaa kikamilifu. Zipelekwe kwenye barabara tulivu: kutoka kama kilomita 40 kwa saa hadi 10, kwa breki ya wastani, mara kumi hadi kumi na tano, ukiachia mwendo wa nusu kilomita katikati ili ngoma ipoe. Usisimame kabisa na kushikilia pedeli ngoma ikiwa ya moto. Kwa kilomita 200 za mwanzo epuka mizigo mizito, kisha pima pembe na nafasi ya pedeli upya, kwa sababu uso ukienea pedeli hupanda au kushuka kidogo.

Mwendeshaji aelezwe pia kuhusu joto, ili asije akairudisha nati kule ilikokuwa. Ngoma ni pete ya chuma cha kutupwa ndani ya habu ya aluminiamu. Ikipata moto inatanuka na kuzikimbia shuu, pedeli inashuka. Kwenye mteremko mrefu kama wa Kitonga, au kutoka Lushoto kushuka Mombo, anayetegemea breki ya nyuma pekee ataikuta laini kabla hajafika chini, hata ikiwa imetengenezwa vizuri kabisa. Gia ya pili au ya tatu ishikilie mwendo, breki ya mbele isaidie, ya nyuma iguswe na kuachiwa. Akifika chini na pedeli imeshuka, asiguse nati: ngoma ikipoa hurudi, na nati iliyokazwa ikiwa ya moto hulifunga tairi ikipoa. Maji nayo yana tabia yake. Baada ya kuvuka dimbwi breki ya ngoma hudhoofika kwa muda. Pedeli ibanwe kidogo huku pikipiki ikitembea mpaka ikauke. Udhaifu ukibaki baada ya kukauka, fungua.

Zipo tiba nyingine za mtaani ambazo pikipiki ya namna hii ingeletewa. Ya kwanza ni kuvalisha vipande vya bati kwenye mguu wa shuu, pale kamu inaposukuma, ili shuu zilizokwisha zitanuke tena. Bati likichomoka linaingia kati ya shuu na ngoma. Tena, shuu zikiwa nyembamba mno kamu huzunguka kupita kiasi, springi zinashindwa kuirudisha, na breki inabaki imefunga tairi lote. Utando wa shuu mpya ni kama milimita 4. Ukifika 2, zinabadilishwa. Ya pili ni kuunganisha mkono mrefu zaidi kwa kuchomea. Kweli unaongeza wenzo, lakini unaongeza na mwendo wa pedeli, na kwa breki ambayo pedeli yake tayari inagonga chini hilo ni kwenda kinyume.

Cha mwisho kabla ya kuikabidhi ni swichi ya taa ya breki. Nayo huvutwa na pedeli kwa springi, na nafasi ya pedeli ikibadilika, wakati wake nao unabadilika. Shika mwili wa swichi usizunguke, zungusha nati yake mpaka taa iwake pale pedeli inapomaliza nafasi tupu, kabla shuu hazijagusa. Usizungushe swichi yenyewe. Waya zake hukatika kwa ndani, na taa ikazimika bila mtu wa mbele kujua.